Nani Aupange Msimbo: Mtu, Mradi au Mashine?

Mchangiaji mpya katika mradi wa programu huria anarekebisha kosa la mstari mmoja. Kihariri chake kimewekwa kipange upya faili zima kila anapolihifadhi, na mpangilio wake haufanani na wa mradi. Anapotuma kazi, wakaguzi wanakuta mamia ya mistari iliyobadilika: nafasi za mwanzo wa mstari zimeongezwa, alama za nukuu zimegeuzwa, mabano yamehamishwa, na mstari mmoja wenye maana umezama humo. Kazi inarudishwa. Mchangiaji haelewi, kwa kuwa amefundishwa kwamba msimbo nadhifu ni ule uliopitishwa kwenye fomata. Mkaguzi naye haelewi mtu anawezaje kuligeuza faili la wenzake kiasi hicho bila kuuliza. Jambo hili hujirudia katika miradi mingi, na mara nyingi huishia kwa kila upande kumwona mwenzake hana adabu ya kazi.

Chanzo cha mkanganyiko ni mashauri mawili mema yanayofundishwa pamoja bila mtu kueleza lipi linatangulia yanapogongana. La kwanza lasema: usihangaike kupanga msimbo kwa mkono, iachie mashine. La pili lasema: ukiingia kwenye mradi wa watu, fuata mtindo ulioukuta. Makala haya yanapima misimamo mikuu iliyojengwa juu ya mashauri hayo, na kipimo changu nakitaja mapema ili msomaji akijaribu mwenyewe njiani. Naona kwamba faida kubwa ya mpangilio wa pamoja haimo katika uzuri wa ukurasa. Imo katika mabadiliko: mtu akibadilisha jambo moja, historia ya mradi ionyeshe jambo hilo moja tu, ili anayekagua leo na atakayetafuta kosa miaka 5 ijayo asilazimike kupembua. Mpangilio unaosaidia hilo ni mzuri hata kama hauvutii macho, na unaolizuia ni mbaya hata kama unapendeza.

## Mambo matatu yanayochanganywa

Sehemu ya ubishi huisha mara tu majina yanapowekwa mahali pake. Kuna mwongozo wa mtindo, ambao ni maandishi ya kusomwa na watu. Unaojulikana sana ni PEP 8 ya lugha ya Python, ulioandikwa mwaka 2001 na Guido van Rossum na wenzake. Unagusa urefu wa mstari, majina, maelezo yaandikwayo ndani ya msimbo, na hata nyakati ambazo ni halali kuukiuka mwongozo wenyewe. Kuna linta, zana inayosoma msimbo na kulalamika inapoona jambo la kutilia shaka, kama vile kibadilika kisichotumika au ulinganisho usio salama. Kisha kuna fomata, ambayo hailalamiki bali huandika upya. Fomata nyingi za siku hizi huusoma msimbo, zikajenga mti wa sintaksia, zikatupa karibu nafasi zote na mikato ya mistari aliyoiweka mwandishi, halafu zikauchapa mti huo kwa kanuni zao. Mipaka hii ilichelewa kuwekwa wazi hata na watengenezaji wa zana zenyewe: ESLint, linta mashuhuri ya JavaScript iliyoanza mwaka 2013, ilibeba kanuni nyingi za nafasi na mikato kwa takriban miaka 10, na ni mwaka 2023 ilipotangaza kuziacha na kuwaelekeza watumiaji kwenye zana mahususi za kazi hiyo.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu fomata haina ruhusa ya kugusa maana. Black, fomata ya Python, hujikagua: ikishapanga faili, huusoma tena msimbo mpya na kuulinganisha mti wake na ule wa awali, na ikikuta tofauti hukataa kuandika. Ndiyo maana jina baya hubaki baya baada ya fomata kupita, na kitendaji cha mistari 400 hubaki na uzito uleule wa mantiki. Anayedhani msimbo wake umekuwa bora kwa kupita kwenye fomata amechanganya unadhifu na ubora, na hapo ndipo shauri la kwanza linapoanza kutumiwa vibaya.

## Kwa nini zana za zamani hazikumaliza ubishi

Zana hizi si za juzi. Unix ya awali ilikuwa na cb ya kunadhifisha msimbo wa C. Indent ilienea kupitia 4.2BSD mwaka 1983. Na kabla ya hapo, mwaka 1980, Derek Oppen alikuwa ameshachapisha mbinu ya haraka ya kuamua mstari mrefu ukatwe wapi. Philip Wadler baadaye aliandika makala kuhusu tatizo hilohilo, na ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa Prettier, fomata inayotumika sana kwa JavaScript. Ujuzi ulikuwapo, kilichokosekana ni uamuzi. Zana kama indent zilikuja na swichi nyingi, kila swichi ikihudumia ladha fulani, na watu wawili wenye zana moja walitoa matokeo mawili. Wala hapakuwa na mahali pa kuusimamia uamuzi hata kama ungefikiwa: haikuwa kawaida mradi kuwa na seva inayokagua kila badiliko kabla halijaingia. Fomata ilikuwa mali ya mtu na kihariri chake, na mali ya mtu haiwezi kuwa sheria ya wengi.

## Msimamo wa kwanza: mtindo mmoja, hakuna mjadala

Google ilipotangaza lugha ya Go mwezi Novemba 2009, gofmt ilikuja ndani ya mfuko uleule na lugha. Mpangilio wake haubadilishwi kwa mipangilio ya mtumiaji. Ujongezaji ni kwa alama ya Tab, na suala la mabano ya kufungulia kukaa mstari wa juu au wa chini, lililogombanisha waandishi wa C kwa miongo, lilimalizwa na sarufi yenyewe: Go hujiwekea nukta mkato mwishoni mwa mistari, hivyo bano lililoshushwa chini huwa kosa ambalo kompaila hulikataa. Rob Pike, mmoja wa waasisi wa lugha hiyo, amewahi kueleza kwamba mtindo wa gofmt si kipenzi cha mtu yeyote, lakini gofmt yenyewe inapendwa na wote. Prettier ya James Long ilifuata njia hiyo mwaka 2017 ikiwa na machaguo machache, na Black ya Łukasz Langa ikafuata mwaka 2018, ikiweka mstari wa herufi 88 na kumwachia mtumiaji nafasi ndogo sana ya kuchagua.

Nguvu ya msimamo huu inatajwa kwa kawaida kuwa ni kuokoa muda wa mabishano, na ni kweli. Lakini kuna nguvu nyingine ambayo naona ni kubwa zaidi na haisemwi vya kutosha. Msimbo ambao umbo lake linatokana na maana yake pekee unaweza kubadilishwa na mashine bila kuacha alama. Zana ikitaka kubadilisha jina la kitendaji katika mafaili 1,000, huubadilisha mti, huuchapa tena, na mistari isiyohusika hubaki vilevile herufi kwa herufi. Watengenezaji wa Go walilitumia hilo tangu mwanzo: lugha ilipokuwa bado inabadilika, zana ya kurekebisha msimbo wa zamani ilifanya kazi kwa sababu kila msimbo ulishapita kwenye gofmt. Mtindo wa kila mtu na mkono wake haukubali kazi hiyo, kwa kuwa mashine ikigusa mstari mmoja huvuruga ladha ya mwandishi kwenye mistari mingine.

Udhaifu upo pia. Unaolalamikiwa zaidi ni wa meza na matrisi: mtu amepanga namba 16 katika safu 4 zinazosomeka kwa jicho moja, fomata ikazimwaga mstari mmoja mmoja. Karibu kila fomata ina alama ya kuiambia iruke kipande fulani, kwa hiyo lalamiko hili lina dawa, ingawa dawa hiyo ikitumiwa ovyo hurudisha ubishi uleule mlangoni. Mwingine ni kwamba hata fomata kali haiondoi kabisa mkono wa mwandishi. gofmt haikati mistari mirefu. Prettier, ikikuta mwandishi ameshusha mstari kabla ya kipengele cha kwanza cha objekti, humwachia umbo hilo. Anayedai kwamba msimbo wa watu wawili utafanana kabisa baada ya fomata anadai zaidi ya kilichopo.

Udhaifu unaonigusa zaidi kwa kipimo nilichokitaja ni wa kulinganisha safu. gofmt hupanga aina za data katika safu wima moja ndani ya muundo. Ukiongeza sehemu yenye jina refu kuliko zilizopo, mistari ya jirani husogezwa yote, na badiliko la mstari mmoja huonekana la mistari 8. Black na Prettier zimekataa kulinganisha safu kwa namna hiyo, na chaguo lao ni bora. Kwa sababu hiyohiyo zinapendelea mkato baada ya kipengele cha mwisho cha orodha iliyotawanywa mstari kwa mstari, jambo ambalo Prettier ilipofika toleo la 3 mwaka 2023 ililifanya kuwa kawaida kila mahali sintaksia inaporuhusu. Wengi huuona mkato huo kama uchafu. Faida yake ni kwamba ukiongeza kipengele kipya mwishoni unagusa mstari mmoja, usilazimike kuurudia wa juu yake kwa ajili ya mkato tu.

Kuna pia swali la nani anayeshika kalamu. Mtindo ukiwa wa zana, wenye zana wakibadili mawazo wanabadili msimbo wa dunia nzima. Black ilijifunga tangu mwaka 2022 kubadili mtindo wake katika toleo la kwanza la mwaka pekee, na rustfmt ya lugha ya Rust imeufunga mtindo na toleo kuu la lugha, ili mradi wa zamani usiamke asubuhi moja na sura mpya. Ni suluhisho zuri, na ni ushahidi kwamba tatizo lilikuwa la kweli. Lililobaki bila suluhisho la kuridhisha ni la watu wenye uoni hafifu. Ujongezaji kwa Tab humwezesha kila msomaji kuamua upana unaomfaa, na kwa anayesoma kwa kifaa cha breili, nafasi 4 mwanzoni mwa mstari hula seli 4 za kifaa chenye seli chache. Black inashikilia nafasi 4 bila mlango wa kutokea. Hapa dai kwamba mtindo wowote unatosha ilimradi ni mmoja linashindwa, kwa sababu mitindo haiwaathiri watu wote sawa.

## Msimamo wa pili: mradi uchague, mashine itii

C na C++ hazikuwa na bahati ya Go. Fomata ya kisasa ilipozifikia, kulikuwa na mamilioni ya mistari iliyokwisha kuandikwa kwa mitindo yenye historia ndefu. clang-format, iliyozaliwa ndani ya mradi wa LLVM, ilikubali hali hiyo: ina machaguo zaidi ya 100 na mitindo ya kuanzia iliyopewa majina ya LLVM, Google, Chromium, Mozilla, WebKit, Microsoft na GNU. Mradi huchagua, huandika uamuzi katika faili moja kwenye mzizi wa ghala la msimbo, na kila anayepakua ghala hupata uamuzi huo pamoja na msimbo. Watengenezaji wake hawaongezi chaguo jipya kwa ajili ya ladha ya mtu. Hudai liwe linahitajika katika mwongozo wa mtindo uliochapishwa na unaotumiwa na mradi wenye ukubwa wa maana.

Anayeshikilia msimamo wa kwanza atasema kwamba hapa ubishi haukufa, umehamia tu kwenye faili la mipangilio. Pingamizi hilo lina nusu ya ukweli. Ubishi juu ya faili la mipangilio hutokea mara chache, kati ya watu wachache, na matokeo yake yana tarehe na sahihi. Ubishi juu ya kila badiliko hutokea kila siku na humkuta mgeni asiye na kinga. Idadi ya machaguo haina uzito mkubwa kama watu wanavyodhani. Chenye uzito ni chaguo kufanyika mara moja na kuwekwa ndani ya mradi, si ndani ya kihariri cha mtu. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 na wenye mizizi Eldoret katika ushirikiano wa AMPATH, ni mfano wa karibu: wachangiaji wake wametawanyika katika mabara, kila mmoja na kihariri chake, na msimbo wake wa Java umeambatana na faili la mpangilio la Eclipse lililotengenezwa kwa ajili ya mradi huo. Mtindo si wa Google wala wa Oracle. Ni wa OpenMRS, na mashine inaujua.

Udhaifu wa kweli wa msimamo huu ni matoleo. Faili lilelile la mipangilio likisomwa na matoleo mawili ya clang-format linaweza kutoa matokeo mawili, na hapo mchangiaji mwaminifu, aliyefuata kila agizo, hutuma badiliko lenye kelele. Mradi unaotaja zana bila kutaja toleo umefanya nusu ya kazi.

## Msimamo wa tatu: waachiwe watu

Kiini cha Linux ni mradi mkubwa ambao haujawahi kukabidhi mpangilio wake kwa mashine, na sababu zake si ukaidi. Mwongozo wake unataka ujongezaji wa upana wa herufi 8, na unaeleza kwa nini: upana huo humwonya mwandishi anayetumbukiza sharti ndani ya sharti. Ukihitaji zaidi ya ngazi 3, wanasema, kilichoharibika ni programu, uirekebishe. Fomata inayokata mistari mirefu kimyakimya humwondolea mwandishi usumbufu ambao ungemfikirisha. Mradi una skripti inayotoa onyo inapoona mtindo uliokiukwa, na tangu mwaka 2018 una faili la clang-format, ila wenyewe wanasema zana hiyo haipati kila kitu sawa na neno la mwisho ni la mtu. Mwaka 2020 kikomo cha onyo la urefu wa mstari kilipandishwa kutoka herufi 80 hadi 100, baada ya Linus Torvalds kulalamika kwamba watu wanakata mistari vibaya ili tu wasivuke kikomo. Yaani kanuni iliyotumiwa bila akili ilikuwa inazaa msimbo usiosomeka, na hilo ni onyo kwa kila fomata.

Hoja hii inastahili heshima kuliko inayopewa na wapenzi wa fomata. Lakini bei yake ni wakaguzi wengi wazoefu wenye muda, na Linux inao. Mradi wa watu 4 haunao. Hata ndani ya Linux, viraka vya kurekebisha nafasi tu vimekuwa vingi kiasi cha kuwa na mahali pake maalumu: wageni huelekezwa wakajifunzie kwenye eneo la viendeshi ambavyo bado havijakomaa, na katika maeneo mengine viraka kama hivyo huwa havipokelewi kwa furaha.

Je, mpangilio uliotengenezwa kwa mkono unasomeka vizuri zaidi kweli? Ushahidi ni mwembamba kuliko imani ya watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1983 na Miara na wenzake, akiwamo Ben Shneiderman, uliona kwamba ujongezaji wa nafasi 2 hadi 4 ndio uliosaidia uelewa zaidi. Mwaka 2019 Bauer na wenzake walirudia swali hilo wakifuatilia mwendo wa macho ya wasomaji, na hawakuona tofauti ya maana kati ya viwango vya ujongezaji. Kama hata upana wa ujongezaji hautoi matokeo yanayokubaliana, ni vigumu kudai kwamba mkono wa mtu unaushinda mpangilio wa mashine kwa usomaji, au mashine kuushinda mkono. Kinachothibitika ni jambo jembamba zaidi: ujongezaji unaopingana na maana ni hatari. Februari 2014 Apple ililazimika kurekebisha kosa la usalama lililosababishwa na mstari wa goto uliorudiwa mara mbili. Mstari wa pili ulijongezwa kana kwamba uko chini ya sharti, ilhali haukuwa, na ukaguzi wa sahihi katika mawasiliano ya siri ukarukwa kila mara. Fomata isingelirekebisha kosa hilo, lakini ingeusukuma mstari huo kushoto, mahali unapoonekana wazi kuwa hauna sharti. Kompaila ya GCC iliongeza onyo la ujongezaji wa kupotosha katika toleo la 6 mwaka 2016. Hii ndiyo hoja ya usomaji ninayoikubali bila shaka: mashine haidanganyi kuhusu muundo, mkono unaweza.

Pembeni ya misimamo hii kuna jaribio la kuifanya mashine isome mtindo wa mradi badala ya kuambiwa. Mwaka 2016 Terence Parr pamoja na Jurgen Vinju walichapisha CodeBuff, fomata inayojifunza kutoka kwenye mafaili ya mfano na kuiga. Wazo linavutia kwa mradi wa zamani usio na kanuni zilizoandikwa. Tatizo ni kwamba mifano ikipingana, fomata hurithi mkanganyiko, na mafaili ya mfano yakibadilika uamuzi wake hubadilika nayo. Kwa kipimo cha mabadiliko safi, zana ambayo uamuzi wake hautabiriki ni mshirika wa mashaka.

## Mzigo wa msimbo wa zamani

Mradi mpya hauna sababu nzuri ya kukwepa fomata. Ugumu wote uko kwenye mradi wenye miaka 15 na mistari 500,000. Ukiupanga upya kwa siku moja, kila mstari unaonekana kuandikwa siku hiyo, na anayeuliza mstari fulani uliandikwa lini na kwa nini anajibiwa na badiliko lisilo na maana. Kila tawi lililokuwa likisubiri kuunganishwa linagongana. Na masahihisho ya usalama yanayotakiwa kurudishwa kwenye matoleo ya zamani hayaingii tena, kwa kuwa mistari ya tawi jipya na ya zamani haifanani.

Miradi mikubwa imelipa bei hiyo, na namna ilivyolipa inafundisha. OpenSSL, baada ya kosa la Heartbleed la mwaka 2014 kuufanya ulimwengu uutazame msimbo wake, ilipanga upya msimbo wote mapema mwaka 2015. Iliyapitisha matawi yaliyokuwa bado yanahudumiwa, si tawi kuu peke yake, na hivyo masahihisho yakaendelea kuhama kutoka tawi hadi tawi. Mozilla iliupeleka msimbo wa C++ wa Firefox kwenye mtindo wa Google mwishoni mwa mwaka 2018, ikiacha wake wa miaka mingi. Django ilikubali Black kwa kanuni mwaka 2019 lakini ikasubiri hadi Februari 2022 kuipitisha. PostgreSQL, ambayo huhudumia kila toleo kuu kwa miaka 5, kwa muda mrefu iliendesha pgindent kama mara moja kwa mwaka. Zana hiyo inatokana na indent ya BSD, haiielewi C kikamilifu, na inalazimika kupewa orodha ya majina yote ya aina za data ili isiyadhanie kuwa vibadilika. Ni zana yenye umri na kasoro, lakini ni ya mradi, kila mmoja anajua inaendeshwa vipi, na hilo limeutosha mmoja wa misimbo inayosifiwa kwa unadhifu.

Mambo mawili yamepunguza bei hiyo. Git 2.23 ya Agosti 2019 ilileta uwezo wa kutaja katika faili mabadiliko ya kurukwa wakati wa kutafuta chanzo cha mstari, hivyo siku ya kupanga upya haifuti tena kumbukumbu. Pia kuna zana kama git clang-format, zinazopanga mistari iliyoguswa pekee. Wengi huiona njia hii ya pili kuwa ya busara ya kati, nami nina shaka nayo. Huacha faili lenye mitindo miwili kwa miaka, huinyima seva uwezo wa kukagua faili zima, na huchanganya mpangilio na maana katika mistari ileile ambayo mkaguzi alitaka kuisoma. Inafaa pale ambapo kupanga upya kwa pamoja hakuwezekani, kwa mfano mradi wenye matawi ya zamani yanayoshikiliwa na watu walio nje ya uwezo wake. Penginepo, siku moja ya usumbufu, iliyotangazwa mapema, ikafanywa kwa badiliko lisilobeba kitu kingine na kusajiliwa katika faili la kurukwa, ni nafuu kuliko miaka ya mchanganyiko.

## Mgeni afuate nini

Nikirudi kwenye mashauri mawili, jibu si gumu tena. Zana ya mradi huishinda zana ya mgeni kila mara, hata kama ya mgeni ni bora. PEP 8 yenyewe, ambayo wengi huitumia kama rungu la kuwapigia wenzao, inaweka ngazi hizo wazi: kufuata mwongozo ni muhimu, kufanana ndani ya mradi ni muhimu zaidi, na kufanana ndani ya moduli moja ndiko muhimu kuliko vyote. Mradi wenye fomata na toleo lililotajwa, mgeni aendeshe hiyo na si nyingine. Usio nayo, azime upangaji wa kujiendesha kwa mradi huo peke yake, aandike kama majirani wa mstari wake walivyoandika, na asome tofauti zote kabla ya kutuma.

Watasema wengine kwamba huku ni kuulea uchafu: faili limechanganya Tab na nafasi, na mgeni anaambiwa asiliguse. Asiliguse ndani ya badiliko lile. Pendekezo la kupanga upya ni halali na mara nyingi linahitajika, ila lije peke yake, likitaja zana, toleo, matawi yatakayoguswa na siku isiyo na kazi nyingi zinazosubiri. Watasema wengine kwamba ni kumchosha mchangiaji anayehama kati ya miradi mitano yenye mitindo mitano. Hapo lawama naiweka kwa wenye mradi zaidi kuliko mgeni. Vihariri vya kisasa husoma faili la mipangilio lililo ndani ya ghala na kujirekebisha bila mtu kukumbuka chochote. Faili fupi la EditorConfig linatosha kutangaza Tab au nafasi, upana, na alama ya mwisho wa mstari. Mradi wenye mtindo vichwani mwa waanzilishi wake tu, bila faili na bila ukaguzi kwenye seva, unamtaka mgeni akisie, kisha unamrudishia kazi kwa kukisia vibaya.

Na nafasi zikishatulia, kulingana na mtindo wa mradi bado hakujamalizika. Mradi hutumia jina patientId kila mahali, mgeni akaandika pid. Mradi hurudisha makosa kwa thamani, mgeni akayatupa kama hali za dharura. Maelezo ya mradi hueleza sababu, ya mgeni yanarudia msimbo kwa maneno. Allamanis na wenzake walijaribu mwaka 2014, kwa zana waliyoiita Naturalize, kupendekeza majina na mpangilio vinavyolingana na mazoea ya msimbo uliopo, na walionyesha kwamba sehemu ya mazoea hayo inaweza kujifunzwa na mashine. Lakini fomata zinazoendeshwa katika miradi leo hazigusi lolote kati ya hayo, na mkaguzi ambaye hajapoteza dakika 20 kwenye mabano na nukuu ndiye mwenye nafasi ya kuyaona.